Jibu Lina Mlipaji

Tangu mwaka 1974, wahojaji wa Eurobarometer, utafiti wa maoni wa Tume ya Ulaya, wamekuwa wakibisha hodi kwenye milango ya Ulaya, majira ya kuchipua na tena majira ya majani kupukutika. Hawachagui nyumba wanazozipenda. Hupewa anwani ya kuanzia, huhesabu nyumba kwa kanuni waliyopangiwa, na mlango ukifunguliwa hawamhoji tu yule aliyeufungua. Huuliza ni nani humo ndani, mwenye miaka 15 au zaidi, ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo iliyo karibu. Huyo ndiye watakayekaa naye. Kila nchi hutoa watu wapatao 1,000. Nchi ndogo kama Luxembourg na Malta hutoa 500. Ujerumani hutoa 1,500, kwa kuwa hata baada ya kuungana mwaka 1990 upande wa mashariki umeendelea kuwa na sampuli yake. Jumla yao ni watu zaidi kidogo ya 26,000, na kwa hao tunaambiwa wanavyofikiri watu milioni 450.

Aliyeuanzisha utafiti huu ni Jacques-René Rabier, Mfaransa aliyefanya kazi na Jean Monnet, mmoja wa waasisi wa muungano wa Ulaya, kabla ya kuongoza idara ya habari ya Jumuiya ya Ulaya. Shabaha yake haikuwa kuuza sabuni wala kumpigia kampeni mgombea. Alitaka watu wa Ulaya wajionee wenyewe walivyo, mkulima wa Ireland ajue Mwitalia anawaza nini, na Mjerumani agundue kwamba hofu yake iko pia Ubelgiji. Naliona kuwa wazo zuri. Bara ambalo ndani ya miaka 30 lilikuwa limechinjana mara mbili lilikuwa na haja ya kusikilizana, na kuulizana ni mwanzo wa kusikilizana.

Ila mtu akishakaa mezani na mhojaji, akaonyeshwa kadi yenye majibu manne au matano, akaweka kidole kwenye moja, amefanya nini hasa? Je, ametoa kitu kilichokuwa kimekaa ndani yake siku zote? Ametunga kitu papo hapo ili mgeni asiondoke mikono mitupu? Au ameahidi jambo?

Mwanafikra aliyelichokonoa suala hili kwa ukali kuliko wote ni Pierre Bourdieu. Januari 1972, katika mji wa Arras, kaskazini mwa Ufaransa, alitoa mhadhara ambao mwaka uliofuata ulichapishwa kwa kichwa kinachodai kwamba maoni ya umma hayapo. Alisema tafiti za maoni husimama juu ya mambo matatu ambayo hakuna anayeyahoji: kwamba kila mtu anaweza kuwa na maoni juu ya kila jambo, kwamba maoni yote yana uzito sawa, na kwamba sote tumekubaliana ni maswali gani yanastahili kuulizwa. Hili la tatu ndilo linalouma. Maswali ya Eurobarometer huagizwa na idara za Tume ya Ulaya na taasisi nyingine za Umoja wa Ulaya, na idara haiagizi swali ambalo jibu lake haina kazi nalo. Mwenye nyumba anaulizwa yale ambayo mwingine ana haja ya kuyajua. Kinachomkosesha usingizi yeye huenda kisiwemo kwenye dodoso hata kidogo.

Nakubaliana na Bourdieu kuhusu swali, lakini simfuati hadi mwisho. Maoni ya umma yapo kwa maana moja isiyokwepeka: yanafanya kazi. Yanatajwa katika utangulizi wa sheria, yanawatia mawaziri ujasiri au woga, yanabadilisha kinachowekwa kwenye rafu za duka. Kitu chenye nguvu ya kumfanya mtu aliye mbali abadili maisha yake hatuwezi kukiita hewa. Tunachoweza ni kuuliza kimeundwa na nini.

Chukua yai. Ukilishika yai la dukani Berlin au Madrid utakuta limepigwa muhuri, aghalabu mwekundu: tarakimu moja, herufi mbili za nchi, kisha namba ya shamba. Tarakimu ile ya kwanza ndiyo inayosimulia maisha ya kuku. Sifuri ni kilimo hai. 1 ni kuku anayetoka nje. 2 ni kuku anayefugwa bandani sakafuni bila kutoka nje. 3 ni kuku wa kizimba. Kwa hiyo mnunuzi wa Ulaya hawezi kusema hakujua. Mwishoni mwa 2015 Eurobarometer iliuliza juu ya ustawi wa mifugo, na asilimia 94 wakasema kuulinda ni jambo muhimu. Ni vigumu kupata jambo lingine ambalo Mfini na Mgiriki wanakubaliana kiasi hicho. Walipoulizwa kama wako tayari kulipa zaidi, waliokubali walishuka hadi asilimia 59, na wengi wa hao walisema nyongeza isizidi asilimia 5 ya bei. Hiyo nayo ni ahadi tu. Kwenye rafu, bidhaa zinazogharimu zaidi hushika sehemu ndogo kuliko hata hiyo.

Wengi husoma takwimu hizi na kuhukumu haraka: wanafiki. Wafanyabiashara hasa huipenda hukumu hiyo, kwa sababu inawapa ruhusa ya kuupuuza mdomo wa mteja na kuutazama mkono wake tu. Risiti haidanganyi, husema. Mimi naona risiti nayo inajibu swali lake tu, nalo ni dogo sana: leo saa kumi na moja jioni, ukiwa na fedha hizi mfukoni na watoto wanakusubiri nyumbani, unachukua trei ipi? Jibu la swali hilo halifuti jibu la lile kubwa, la namna gani tungependa kuku wa nchi yetu waishi. Mama anayechukua mayai ya bei nafuu anajua kwamba trei yake moja haitamtoa kuku yeyote kizimbani, na kwamba jirani yake akiendelea kununua ya nafuu, yeye atakuwa ameumia peke yake bure. Anapomwambia mhojaji kwamba jambo hili ni muhimu, anasema kama raia: wekeni kanuni itubane sote, nami nitabanwa pamoja na wenzangu. Dai la namna hiyo rafu ya duka haina pa kuliweka.

Na historia inamuunga mkono. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kupiga marufuku vile vizimba vitupu vya zamani, ukawapa wafugaji miaka 12, na marufuku ikaanza Januari 1, 2012. Wanunuzi hawakuandamana kudai warudishiwe yai la bei ya chini. Walilipa tofauti kwa sababu kila mtu alikuwa anailipa. Baadaye watu wapatao milioni 1.4 walitia saini zao kutaka vizimba vya kila aina viondolewe, na mwaka 2021 Tume ikaahidi kuleta muswada kabla ya mwisho wa 2023. Mwaka huo ukaisha bila muswada. Katika mkasa huu sioni kwa nini lawama ya unafiki iende kwa mwenye nyumba aliyefungua mlango.

Kwa hiyo jibu la utafiti ni dai, na dai lina mwenyewe. Nitalirudia hili mbele, kwa sababu dai lina pia mtu wa kulilipia, na hapo ndipo panaponisumbua.

Kabla ya hapo kuna bei. Januari 1, 2002, watu wa nchi 12 waliamka wakiwa na noti za yuro mifukoni. Katika miezi iliyofuata, tafiti za walaji zilionyesha jambo lililowashangaza wanatakwimu: watu walikuwa na hakika kwamba maisha yamepanda bei kupita kiasi, huku mfumuko wa bei uliopimwa ukiwa asilimia mbili na kitu tu. Eurostat, idara ya takwimu ya Umoja, ilikokotoa kwamba mabadiliko ya sarafu yenyewe yalichangia kati ya asilimia 0.12 na 0.29. Kwa lugha ya kitaalamu, karibu hakuna kilichotokea. Waulize Waitalia wa wakati ule, watakuapia kwamba kahawa ya asubuhi na chakula cha mgahawani vilipaa.

Wataalamu waliliita kosa la hisia. Mimi nadhani walikuwa wanapima kitu kingine. Faharasa ya bei huchukua kapu la bidhaa zote ambazo nchi nzima inanunua, pamoja na kompyuta iliyoshuka bei na gari ambalo mtu hununua mara moja katika miaka minane. Mlaji wa kawaida haendi sokoni na kapu la taifa. Ananunua mkate leo, kikombe cha kahawa kesho, ananyolewa mwisho wa mwezi, na hivyo vidogo vya kila siku ndivyo vilivyopanda waziwazi, kwa sababu wenye migahawa na vinyozi waliutumia mwanya wa kukokotoa upya kujiongezea kidogo. Isitoshe, kumbukumbu yake ilikuwa imeng'ang'ania bei za lira na faranga za siku zile, kana kwamba zisingepanda kamwe. Kwa hiyo alikosea kiasi, lakini alichokigusa kilikuwepo. Mtu anayegusa bei kwa mkono wake mara nne kwa siku ana ujuzi ambao jedwali linauyeyusha ndani ya wastani.

Na upo ujuzi mwingine, wa mambo ambayo mtu hayagusi, ambao hunipa wasiwasi zaidi. Tangu mwaka 1972 Tume ya Ulaya imekuwa na utafiti wa imani ya walaji, ambao siku hizi kila mwezi unawauliza watu zaidi ya 30,000. Hali ya fedha ya nyumba yako kwa miezi 12 iliyopita imekuwaje? Itakuwaje miezi 12 ijayo? Uchumi wa nchi kwa jumla je? Unatarajia kununua vitu vikubwa, samani au vifaa vya umeme? Wanaosema mambo yataboreka sana huhesabiwa kamili, wanaosema kidogo huhesabiwa nusu, na vivyo hivyo kwa wanaoona yataharibika. Kisha wenye hofu hutolewa kutoka kwa wenye matumaini. Kinachobaki, kwa sehemu kubwa ya miaka hii yote, ni namba iliyo chini ya sifuri. Septemba 2022, bei za gesi na umeme zilipopaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine, eneo la yuro lilishuka hadi karibu hasi 29, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa hapo.

Fikiria hilo. Moja ya sehemu tajiri kuliko zote duniani, na kwa kawaida yake inaitazama kesho kwa mashaka. Lakini ukifungua Eurobarometer, wahojiwa zaidi ya wanane kati ya kumi husema wanaridhika na maisha yao. Wao hawajambo, ni nchi yao inayoumwa. Maisha yake mtu anayajua kwa kuyaishi. Uchumi wa nchi anaujua kwa kusimuliwa, na msimulizi wa habari huwa hana sababu ya kutangaza kwamba leo hapakutokea baya. Basi mhojaji anapouliza juu ya nchi, sehemu ya jibu anayoipata ni mwangwi wa taarifa ya saa mbili usiku. Sisemi mwangwi huo ni bure, maana watu hupiga kura kwa mwangwi. Lakini anayeusoma kama ushahidi wa hali ya nyumba za watu atapotea.

Kisa cha kusogeza saa nitakisema kwa ufupi, maana hapo waliojibu walijichagua wenyewe. Mwaka 2018 Tume iliwaalika watu wote watoe maoni juu ya desturi ya kusogeza saa mbele na nyuma kila mwaka. Majibu milioni 4.6 yalimiminika, hayakuwahi kupatikana mengi kiasi hicho, na asilimia 84 walitaka desturi ikomeshwe. Karibu majibu saba katika kila kumi yalitoka Ujerumani. Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kuikomesha ifikapo 2021. Hadi leo saa zinasogezwa. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa siku ya kuzaliwa wanaweza kuisemea nchi vizuri kuliko mamilioni waliojichagua wenyewe, kwa kuwa anayejichagua ni yule ambaye jambo linamkera. Mamilioni yale yalionyesha jinsi kero ilivyo kali kwa wenye kero. Kuhusu wengine wote yalinyamaza.

Sasa turudi kwa mlipaji.

Mwaka 2020 Tume iliuuliza umma kwa njia hiyo hiyo ya mlango wazi: je, Ulaya izuie kuuzwa kwa bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu? Majibu karibu milioni 1.2 yalikuja, mengi yakisukumwa na kampeni ya mashirika ya mazingira, na yalielekea upande mmoja: ndiyo, zuieni. Mwaka 2023 sheria ikapita. Inagusa bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Anayetaka kuuza kahawa katika Umoja wa Ulaya atalazimika, sheria ikianza kutumika, kuonyesha kiwanja ilikolimwa, kwa vipimo vya latitudo na longitudo, na kuthibitisha kwamba pale hapakuwa na msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020.

Msitu unaungua kweli; aliyejibu ndiyo akiwa Hamburg au Utrecht alijibu kwa moyo safi, na ningekuwa naishi huko ningejibu kama yeye. Lakini jibu lake lilisafiri. Lilifika Kagera, nchini Tanzania, kwenye kibanja cha mama mwenye kahawa chini ya migomba, na maharage chini ya kahawa, mibuni mingine ikiwa imepandwa na baba mkwe wake. Anaivuna, anaianika, anaipeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi cha ushirika pamoja na ya majirani zake, gunia lake likichanganyika na yao. Kibanja hicho kilikuwa shamba kabla Umoja wa Ulaya haujazaliwa. Hata hivyo ni yeye anayepaswa kuthibitisha. Mtu aje na kifaa, apige alama ya shamba, aandike jina, aingize kwenye mfumo, na kahawa iliyopigwa alama isichanganywe na isiyopigwa. Kazi hiyo ina gharama, na chama kikishindwa kuibeba, kahawa inatafuta soko lisilouliza, kwa bei ya soko lisilouliza.

Huyu mama hakuwemo katika nyumba zilizobishiwa hodi. Ule mwaliko wa 2020 ulikuwa wazi kwa dunia nzima, lakini ulikuwa kwenye intaneti, kwa lugha za Ulaya, na sidhani kama kuna atakayedai kwamba ulimfikia. Wa kulaumiwa hapa siye mhojiwa wa Utrecht, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kahawa yake ina watu wa namna hii. Aliulizwa juu ya misitu, naye akajibu juu ya misitu.

Hapa hoja yangu kuhusu yai inabadilika sura. Raia wa Ulaya aliposema kuku watolewe kizimbani, alikuwa anadai kanuni itakayombana yeye mwenyewe, na tofauti ya bei ikaja kulala kwenye meza yake. Dai na malipo vilikaa ndani ya jamii moja, na mwenye kinyongo alikuwa na mbunge wa kumlalamikia. Kwenye kahawa vimetengana. Dai liko Hamburg na malipo yako Kagera, na katikati hakuna bunge la pamoja. Jibu lile lile, la moyo ule ule, linakuwa kitu kingine kwa sababu ya anayelilipia. Ndiyo maana nasita kusema kwamba maana ya maoni hukamilika katika kichwa cha anayeyatoa. Sehemu yake moja hukaa huko. Nyingine hukaa pale yanapotua, kwa mtu ambaye hakuyatoa na ambaye pengine hata hajui kwamba yalitolewa.

Sheria yenyewe imeahirishwa mara mbili, na sasa inatarajiwa kuanza mwishoni mwa 2026. Walioomba iahirishwe ni makampuni, serikali za nchi wanachama na nchi zinazouza nje. Vyama vilivyokwisha kupima mashamba ya wanachama wao vimebaki na gharama mkononi na mnunuzi ambaye bado halazimiki kuijali.

Ningependa siku moja, mwenye nyumba akishasema kwamba msitu ulindwe, mhojaji asifunge daftari. Aendelee: kulinda huko kuna gharama shambani, alipe nani? Wewe kwenye kikombe chako, duka unalonunua, serikali yako, au mkulima? Na kama ni wewe, kiasi gani? Kwa ustawi wa mifugo waliwahi kuulizwa namna hiyo, na wengi wa waliokubali kulipa wakatia kikomo kwenye asilimia 5, jibu dogo lakini la kweli, ambalo mpanga sheria anaweza kufanya nalo hesabu. Wapo watakaojibu kwamba hawajui. Mara nyingi hao huachwa kwenye safu ya mwisho ya jedwali, kama mabaki. Ningetaka wahesabiwe mbele kabisa, kisha waonyeshwe ramani ya Kagera na bei ambayo mkulima hulipwa kwa kilo, na waulizwe tena.